Daktari wa Injini

Mtaani walimwita Daktari, ingawa mikono yake ilinuka grisi badala ya dawa. Kwa miaka thelathini fundi huyu alipima injini kwa sikio. Ncha ya bisibisi ndefu huiegemeza kwenye chuma, mpini huubana sikioni, na kabla mwenye gari hajamaliza kueleza, ugonjwa umeshatajwa. Miaka yote hiyo hakuna mwenye gereji aliyemnunulia hata vizibo vya masikio. Fundi kwao ni spana; ikichakaa, hutupwa.

Na masikio yalikuwa yamechakaa. Sauti nzito bado alizipata. Zile nyembamba zilimponyoka moja baada ya nyingine, naye akaficha, maana fundi asiyesikia atakula wapi?

Jumapili moja bintiye, mwalimu, alikuja na gari jipya la Kijapani, la spoti, akaliegesha uani ubavuni mwa la baba: aina moja, jina lilelile, ila la mzee liliundwa miaka thelathini kabla.

"Baba, leo tuamue lipi bora!" alisema, kwa sauti ya darasani.

"Lako unabonyeza kitufe kama kengele ya mlango, linajichagulia gia, ukisinzia linakuamsha. Hilo gari au yaya?"

"Yaya mwenye mbio! Lako ukikanyaga breki leo, linasimama kesho."

"Langu likiumwa, linasema."

"Haya, Daktari, lisemeshe."

Wakawasha yote mawili. Mzee akainama na bisibisi yake, kwanza kwa jipya, kisha kwa kuukuu. Akanyanyuka akitabasamu.

"Yote mazima."

Kicheko cha binti kilikatika. Gari la baba lilikuwa linalia mlio mwembamba, mkali, kama kifaranga aliyepotezana na mama yake. Hata jirani alikuwa amechungulia dirishani. Binti akazima magari yote, akamshika baba mabega.

"Baba, beringi inalia. Hukuisikia?"

Mzee alimtazama mdomo, kisha akalitazama gari.

"Tangu lini, baba?"

Mzee akaiweka bisibisi chini.

"Yule mteja wangu, baba wa mapacha," alisema. "Kaondoka asubuhi, safari ya mbali, na familia yake yote. Jana nimelipima gari lake kwa sikio, nikamwambia halina neno."

Akatoa simu mfukoni, akamwekea bintiye kiganjani.

"Mpigie wewe, mwanangu. Mwambie asimame hapo hapo alipo."

Binti akapiga. Mzee akasimama mbele yake, akiukodolea macho uso wake, aone kama kuna aliyeitika.