Kitambaa cha Kufuma

Fundi kompyuta wa mtaa wa Lizaboni hagusi kibodi kabla hajasikiliza. Huinama, akabandika sikio kwenye boksi la mashine kama daktari kwenye kifua cha mtoto, huku ukucha mrefu wa kidole gumba, anaofungulia skrubu, ukigonga meza taratibu. Akisikia feni tu, hutabasamu. Sebuleni kwa Mama Skolastika hakutabasamu. Ukucha ulisimama. Ndani, diski ilikuwa inagonga, inanyamaza, inagonga tena, na mlio huo anaujua: kilichomo hakitoki tena. "Ilianza kwa uzito," mjane alieleza. "Nafungua wimbo mmoja mpaka chai inapoa. Sasa inajizima yenyewe. Sauti ya marehemu akifundisha kwaya imo humo, baba, na sina kwingine nilikoiweka."

Sikio la fundi lilikuwa linawaka moto kwa joto la boksi. Alikitazama kitambaa cheupe cha kufuma ambacho mama alikuwa amekiondoa juu ya boksi, kizito, kirefu cha kufika mezani, kama vile vilivyofunika redio na makochi. "Hiki huwa unakitoa ukiiwasha?" aliuliza kwa sauti yake ya chini. "Nafunua kioo tu. Nilikifuma baada ya mazishi, kitu chake kisiingie vumbi." Fundi alikikunja kitambaa, akakikunjua, akakikunja tena. Miezi minane tangu mazishi, joto la mashine lilikuwa limekosa pa kutokea. "Kwani imeharibiwa na nini, baba?" "Vumbi, mama," alisema bila kuinua macho. Mama Skolastika alikipokea kitambaa, akaifunika mashine, akavuta pembe moja moja mpaka zikalingana. "Nilijua tu," alisema. "Ningekifuma kikubwa zaidi."