Matundu ya Meli ya Plastiki

Nilivuka ziwa kwenda Kigoma na kaptula moja na sahani ya bati. Nilirudi Kalemie na diploma ya umeme, niliyoisomea jioni baada ya kubeba saruji mchana kutwa, na hakuna mjomba aliyenisaidia hata kwa kalamu. Leo nina karakana yangu. Mashine ikigoma kwenye mtambo wa umeme wa Bendera au kiwanda cha saruji cha Kabimba, simu inayolia ni yangu. Nayasema haya mapema, maana kuna watu mtaani waliocheka kwamba muntu kama mimi alishindwa na mchezo wa watoto.

Haukuwa mchezo wa watoto. Ilikuwa meli ya matanga, ya plastiki, yenye milingoti mitatu, niliyoinunua mitumbani Dar es Salaam ikiwa bado kwenye sanduku lake. Vipande vilikuwa vingi, vingine vidogo kama punje ya mchele, na maelekezo yalikuwa karatasi moja tu isiyo na neno hata moja. Picha zake za mwanzo zilieleweka. Ya mwisho ilionyesha kamba zote kwa pamoja, kama utando wa buibui, na mshale mmoja usiosema uendako.

Niliianza wiki ile Papa, baba yangu, alipokuja kwangu kutoka Moba kupasuliwa jicho. Papa ni fundi wa maboti. Boti lake hudumu, na kila anayesafiri pwani ya kusini anajua hivyo. Diploma yangu niliitundika sebuleni, kwenye fremu. Siku ya kwanza aliitazama kwa jicho lake zima, akauliza kioo cha fremu kimetoka wapi. Basi. Ndiyo maana nilitaka aione meli hii imesimama na matanga yake kabla hajapanda boti la Moba siku ya Alhamisi. Nilitaka aone kwamba mikono yangu inajua kazi.

Nilipogandisha mwili wa meli alinikuta mezani.

"Injiniya, hii boti yako inavuja."

"Papa, haitaingia majini."

"Haitaingia majini? Sasa ni boti ya nini?"

Mama watoto alicheka jikoni mpaka akadondosha mwiko.

Ubavuni pande zote mbili kulikuwa na mstari wa matundu madogo. Kwetu, boti jipya huachwa majini na unga wa muhogo umetandazwa sakafuni mwake. Unga ukilowa, hapo ndipo penye tundu, na fundi hapewi hata asante mpaka aukaushe. Papa alichukua beseni la maji, akatia unga kidogo tumboni mwa meli, akaiweka majini. Ililala ubavu, na unga ukawa uji.

Ningeweza kubishana. Sikubishana. Niliikausha, nikaziba matundu yote kwa pamba na gundi, moja baada ya jingine, jinsi yeye anavyokalafati maboti kwa pamba na mawese. Alipoupima unga mara ya pili ulikuwa mkavu. Ndipo nikagandisha sakafu ya juu. Papa aliigonga kwa ukucha.

"Sasa ni boti," akasema.

Katika maisha yangu yote hakuwa amewahi kuniambia neno la namna hiyo. Nilitoka nje nikazunguka nyumba mara mbili bila sababu.

Kamba ndizo zilizobaki, na karatasi ile haikufaa. Nikaanza kutafuta maelekezo bora kwa simu. Video zilikula mega zangu bila kunifunza kitu. Mwishowe niliandika kwa Kifaransa, Kifaransa safi, kwenye kundi la watu wanaounda meli kama hizi. Mzee mmoja wa huko Ulaya akanijibu kwamba alikuwa na kijitabu cha toleo la zamani la sanduku lilelile, akapiga picha kila ukurasa. Nilipanda mlimani kutafuta mtandao, nikasimama juani huku kurasa zikiingia moja moja. Kisha nikakimbilia duka la fotokopi, umeme ukakatika, nikangoja mlangoni nikikunja na kukunjua vidole mpaka uliporudi.

Kijitabu kilikuwa kizuri kuliko nilivyotarajia. Kila kamba ilikuwa na namba yake na mahali inapofungwa. Na ukurasa wa tatu, kwa herufi nene, kiliagiza: acha matundu ya ubavuni wazi, kamba zote za milingoti hupita humo, na mafundo yafungwe ndani kabla ya kugandisha sakafu.

Nilikunja karatasi nikazitia mfukoni. Ilikuwa Jumatatu. Bila kuyafungua matundu hakuna matanga. Nikiyafungua, navunja kitu pekee changu alichokisifu. Jumanne nilizunguka nazo karakanani, nikaunganisha waya wa mteja vibaya, jambo ambalo halinitokei. Nyumbani Papa aliuliza, "Matanga je?" Nikasema gundi haijakauka. Gundi ile hukauka kabla hujamaliza kusalimia.

Jumatano mama watoto alitaka kufua suruali. Alitoa karatasi mfukoni, akaziweka mezani mbele ya Papa, ambaye tayari alikuwa amefunguliwa bendeji. Hasomi Kifaransa, lakini michoro ya meli haimpotezi. Nilipoingia alikuwa ameshika ukurasa wa tatu.

"Hizi tundu njo za kamba."

"Ndiyo za kamba, Papa."

"Ulijua tangu lini?"

"Juzi."

"Na ukanyamaza?"

"Ulishasema sasa ni boti."

Alinitazama kwa macho yote mawili. "Muntu wa diploma, anamuficha baba yake tundu! Mama, leta sindano. Na weye, washa mbabula ya makaa."

Tuliitia sindano kwenye makaa, tukafungua matundu moja baada ya jingine, plastiki ikinuka. Sindano ya Papa iliteleza, na tundu moja la kushoto likaenda kombo. Hakuomba radhi. Ndani hatukuweza kufika tena, kwa hiyo alichovya ncha ya uzi kwenye gundi mpaka ikawa ngumu kama mwiba, akaisukuma tunduni, akaifunga kwa tone moja la gundi. Hilo halimo katika kijitabu chochote. Mimi nilisoma namba, yeye akavuta. Alhamisi asubuhi tulikuwa tumemaliza mlingoti wa mbele na matanga yake, basi.

Bandarini aliniomba zile karatasi za kijitabu.

"Papa, bado milingoti miwili!"

"Weye una diploma." Akazitia kwenye koti, akapanda.

Kurasa zimo kwenye simu yangu. Ningeweza kuzichapisha tena siku ileile, na sikuchapisha. Milingoti miwili ya nyuma niliifunga nikiutazama ule wa mbele, na sasa meli imesimama sebuleni, chini ya fremu. Juzi Papa alipiga simu kutoka Moba.

"Umeipima?"

"Nimeipima, Papa."

"Unga?"

"Niliupitishia lile tundu la kombo, ukatoka uji. Umelowa wote."

Nikasikia watu wakigonga mbao nyuma yake.

"Vizuri," akasema. "Njo yenyewe."