Mzee Aliyerudi Kupima Gobore Lake

Najua mtasema fundi huyu amevuta moshi wa kuchomelea mpaka ukampanda kichwani. Semeni tu. Mimi nilikuwa pale nimeshika moto mkononi, na niliyemwona nilimwona. Wala haikuwa usiku. Ilikuwa saa mbili asubuhi, Kariobangi imeshaamka, nyundo zinalia kila upande.

Kazi yangu ni mageti na madirisha. Siku hiyo ya Julai kulikuwa na manyunyu na baridi ile ya kumfanya mtu aichukie kazi yake, na mwenye geti alikuwa amenipigia simu mara tatu kabla sijatia kitu tumboni. Njoro, anayetuletea vyuma chakavu, alikuwa ameniachia rundo. Ndani yake mlikuwa na bomba moja refu, zito, limejaa kutu, upande mmoja umezibwa. Nikasema hili nalikata katikati kwa gesi, liwe nguzo za geti. Mke wangu Atieno alikuwa ameketi kigodani, hatua mbili kutoka kwangu, ananimiminia uji. Alikuwa na mimba ya miezi minane. Kumbukeni hapo alipoketi.

Nikawasha moto, nikainama. Ndipo nikasikia mtu akikohoa mbele yangu. Alikuwa mzee mwembamba, koti la kaki, pembe ya ng'ombe imening'inia kwapani, imezibwa kwa kizibo. Sisi sote tulikuwa tumelowa, lakini koti lake lilikuwa kavu kabisa. Hilo niliona nikaliacha lipite. Nani ana muda wa koti la mtu?

"Habari ya asubuhi, mzee," nikamwambia.

"Njema, mwanangu. Zima huo moto kwanza. Hilo ni gobore langu."

Nikazima. Sijui kwa nini, kwa sababu mimi, muulizeni Atieno, siambiliki. Mzee akachutama akaanza kunieleza habari za gobore, na alivyolisifu ungedhani anamposea mtu mchumba. Unamimina baruti kutoka kwenye pembe, unatia kitambaa, unatia risasi, kisha unashindilia kwa ufito mpaka vikae. Ukikosa, hadi umalize kujaza tena, mnyama ameshavuka kilima. Na mvua ikiingia kwenye baruti, umebeba fimbo tu. Ndiyo maana pembe huishi kwapani.

Nikamuuliza, sasa raha yake iko wapi? Akacheka. Akasema ukijua una risasi moja, unajifunza kutambaa kinyume cha upepo mpaka uzione kope za tandala. Mara nyingi unamwacha aende, kwa sababu huna hakika. Yeye na wenzake walirudi mikono mitupu siku nyingi, na ukipata nyama namna hiyo, unaila kwa shukrani. Siku hizi uwindaji umekatazwa, akasema, na ni sawa, wanyama nao wapumzike.

Kisha uso wake ukabadilika. Akasema sheria ya gobore ni moja: usipolifyatua porini, unalitoa baruti jioni hiyo hiyo kabla hujala. Siku yake ya mwisho alirudi na mvua na homa. Akalitundika ukutani likiwa limejaa, akasema nitalitoa kesho. Kesho yake hakuamka.

Sikupata hata nafasi ya kushtuka. Alininyooshea ufito mwembamba wenye alama ya kisu. Akasema alama ikifika mdomoni mwa bomba, ni tupu. Ikibaki juu, limejaa. Nikautumbukiza. Ukagota. Alama ilibaki juu vidole vinne.

"Unisamehe, mwanangu," akasema, akamtazama Atieno. "Na huyo mama pia."

Nilipoinua kichwa, hakuwapo.

"Unaongea na nani?" Atieno akaniuliza. Yeye aliniona mimi tu, nimechutama nikiitikia kwa kichwa. Lakini ufito aliuona, niaminini, ulikuwa umesimama ndani ya bomba mbele yetu sote wawili. Nikalizamisha bomba kwenye pipa la maji, nikaita polisi. Waliotoa ile baruti nyeusi na risasi walinishangaa. Mmoja akaniambia, "Moto ungeligusa, tungewazoa watu watatu hapa." Alimhesabu na wa tumboni.

Njoro alisema bomba lilitoka Taita, kwenye nyumba kuukuu iliyobomolewa. Mwenyewe alikuwa mwindaji, aliitwa Mwadime, akafa kabla Njoro hajazaliwa.

Ufito ninao, umening'inia kibandani. Kila Julai yakianza manyunyu, nasikia harufu ya baruti, na sikimbii, namsalimia. Nanyi mafundi wenzangu, haraka zenu ziwekeni kando. Chuma kilichozibwa usikipelekee moto kabla hujajua kina nini ndani. Si kila mtu atakoholewa.

Kwetu Wajaluo, aliyekufa huja akadai mtoto anayezaliwa apewe jina lake. Mzee yule hakudai chochote, aliomba msamaha akaenda zake. Atieno ndiye aliyekataa jina lingine lolote. Majirani bado wanauliza mtoto wa Kijaluo alilitoa wapi jina la Mwadime. Sasa hivi namsikia mama yake akimwita aje anywe uji, na yeye anaitika.