Diski Nne za Baba

Mimi ni mtu wa kushuku, na sioni haja ya kuficha. Nikinunua maziwa nayanusa mbele ya muuzaji. Nikiambiwa gari linaondoka sasa hivi, nauliza sasa hivi ya nani. Tabia hii nimeirithi kwa baba, ambaye alikuwa akifunga mlango, anakwenda hatua kumi, kisha anarudi kuusukuma ajiridhishe. Kwa hiyo diski ya kwanza niliyoichoma kwa kompyuta iliposemekana ni tupu, sikujiuliza ina kasoro gani. Nilijiuliza ni nani kaifanyia nini.

Ndani ya diski alikuwamo baba mwenyewe. Miezi michache kabla hajafa nilitoka Gitega kwenda kumwona nyumbani Gashoho, nikamkuta kwenye benchi uani anaota jua, nikamrekodi kwa simu. Alizungumza dakika kumi na mbili. Habari za mbuzi, habari za soko la Muyinga alikouza chumvi na sabuni maisha yake yote, halafu, bila kuulizwa, akamtaja dada yetu mkubwa. Dada alikuwa amerudi nyumbani na watoto wawili baada ya ndoa kumshinda, na alikuwa analima kishamba cha bondeni. "Kile kishamba," baba akasema, "mutu asimusumbue nacho. Atakilima mupaka achoke mwenyewe." Simu ile iliibiwa baadaye, lakini nilikuwa nimeshahamishia video kwenye kompyuta yangu. Maneno ya baba hayakuwa mahali pengine popote.

Kwetu msiba huondolewa mara mbili. Mara ya kwanza ni siku chache baada ya maziko. Mara ya pili ni baada ya mwaka hivi, na siku hiyo ndipo wazee wa ukoo husema hadharani nani anabaki na nini. Binti hapati shamba kwa mazoea tu, lazima ijulikane kwamba baba alitamka. Asipotamka, kishamba kingekwenda kwa kaka yetu, mtoto wa kiume pekee. Na siku baba anatamka, kaka alikuwa sokoni. Waliosikia ni mimi, dada na mbuzi, na dada hawezi kujishuhudia.

Cha ajabu, aliyeomba diski, huku akijua kilichomo, ni kaka. Ana televisheni ndogo na deki, vinatumia umeme wa paneli ya jua. Tundu la flash watoto walishaliziba kwa vijiti, kwa hiyo deki inakula diski tu. "Nigravie diski, mudogo wangu," alinipigia, yaani nimchomee, "tumuangalie wote." Hata hilo nililishuku. Mtu anayeweza kukosa shamba kwa sababu ya diski, mbona ana haraka nayo?

Kompyuta yangu ni ya kubebwa lakini haibebwi. Betri yake haifiki robo saa, kwa hiyo inakaa mezani pale ninapopanga Mushasha, hapo hapo Gitega, karibu na shule ninayofundisha, imechomekwa ukutani mwaka mzima. Diski nilizifuata mjini kwa mfanyabiashara mmoja wa asili ya Kihindi, mzee wa swala tano ambaye duka lake lilifunguliwa na babu yake. Alizitoa nyuma ya rafu ya betri, akapangusa vumbi.

"Madame, ukimaliza kugrava, ufunge diski. Programu itakuuliza. Sema oui, ndiyo."

"Nikiifunga, nitaweza kuongeza kitu baadaye?"

"Hapana. Ikifungwa iko finie, imekwisha. Ukitaka kuongeza, utachukua ingine."

Aha, nikasema moyoni, hapo ndipo biashara ilipo. Mimi nilikuwa na mpango wangu. Nilitaka diski ile ile moja iwe na maneno ya baba, kisha, siku ya kuondoa msiba mara ya pili, niiongezee sherehe yenyewe na wazee wakitangaza, mambo yote yakae pamoja. Nafasi ilikuwa tele. Jioni ile, kompyuta iliponiuliza kwa Kifaransa chake kama nataka kuifunga diski, nikabofya non, hapana, nikajisifu kwamba leo sikuuziwa mbuzi kwenye gunia.

Niliijaribu pale pale. Baba akatokea, akakohoa, akaanza na mbuzi wake. Niliangalia mpaka mwisho na nikalia kidogo.

Kaka alikuja Gitega kuuza maharage, nikampa diski mkononi. Siku ya pili akapiga.

"Mudogo wangu, iko inaniandikia hakuna diski."

"Umeiweka vizuri?"

"Nimeiweka. Nimeitoa, nimepangusa, nimerudisha. Haiko inasoma."

Nilimwambia sawa, lakini haikuwa sawa. Nikachoma ya pili, nikaijaribu, ikacheza. Safari hii sikumpa kaka. Nilimpa jirani yangu, mama wa Kikongo kutoka Kivu ya Kusini anayepeleka vitenge soko la Muyinga kila wiki, akamkabidhi dada palepale sokoni. Dada naye ana akili. Alikwenda moja kwa moja kwenye studio ya picha, akawaomba waiweke kwenye kompyuta yao. Baba akatokea. Dada alinipigia kwa simu yake ya vibonye, akilia mbele ya wateja wa watu.

Usiku huohuo akapiga tena. Amefika Gashoho, diski imewekwa kwenye deki, hakuna diski.

"Nani aliibeba kutoka Muyinga?"

"Ni mimi. Ilikuwa mu mukoba wangu."

"Na nani aliiingiza kwenye deki?"

"Ni kaka."

Muyinga baba anaongea, Gashoho ni bubu, na katikati pana mkono wa mtu mmoja. Hata hivyo, kwa kuwa nashuku kila kitu, sikuiacha mashine yangu salama. Nilisafisha jicho la kisomeo cha diski kwa pamba. Ya tatu niliichoma kwa mwendo wa polepole kabisa, nikakataza mtu asitembee karibu na meza. Ya nne nilinunua duka jingine, aina nyingine, maana nilishaanza kuamini kwamba yule mzee kaniuzia diski bandia. Zote mbili zilicheza Mushasha. Zote mbili zilikufa Gashoho.

Baada ya ile ya nne nilimpigia kaka, nikasema neno ambalo mpaka leo nikilikumbuka naona aibu. "Kama unataka shamba la dada, sema wazi. Usimfiche baba."

Akasema tu, "Sawa," akakata.

Zikiwa zimebaki siku mbili wazee wakutane, niliifunga kompyuta kwenye kitenge kama mtoto mchanga, nikaenda stendi. Mafuta yalikuwa haba na magari yakawa ya kuviziwa, kwa hiyo nilifika upande wa Gashoho mchana umeshapinda, nikamalizia kwa baiskeli ya abiria. Tulipokuwa tunateremka bondeni niliona vitu vinametameta juu ya mpunga. Diski. Zilikuwa zimefungwa kwa nyuzi kwenye miti, zinazunguka na upepo, zinafukuza ndege. Nilimwambia mwenye baiskeli asimame. Nilizihesabu: nne.

Sikumbuki nilivyopanda kile kilima. Nakumbuka kaka amesimama mlangoni ananyoosha mikono kunipokea, na mimi nikampita bila salamu. Kwetu hilo si jambo dogo.

"Baba unamtundika afukuze ndege?"

Alinitazama kana kwamba nazungumza lugha asiyoijua. Dada alitoka jikoni na mwiko mkononi. Mwishowe kaka akaingia chumbani, akarudi na skafu ya baba, ile ya kahawia aliyovaa hata wakati wa joto, akaifungua juu ya meza. Diski zangu zilikuwamo, zote nne, kila moja imefungwa kwa karatasi ya daftari.

"Zile za bondeni ni za jirani," akasema. "Ni mafilimu za zamani, ziliharibika."

Nilikaa chini. Kisha nikafanya ninachokijua: nikawasha kompyuta, betri ikaonyesha dakika kumi na nne, nikaingiza diski ya kwanza. Baba akakohoa, akaanza na mbuzi. Nikaitoa, nikaipeleka kwenye deki. Hakuna diski.

"Hii deki yenu ni mbovu."

"Haiko mbovu," kaka akasema, bila hasira, na hilo liliniuma zaidi. "Diski ya arusi ya jirani iko inasoma hapa. Nayo waligrava kwa kompyuta, kama yako."

Niliomba niione. Dada akaileta. Kwenye deki, bibi arusi akatokea na muziki juu. Nikaitia kwenye kompyuta, nikafungua ile sehemu inayoeleza hali ya diski. Imefungwa, ikasema. Nikairudisha ya kwangu. Haijafungwa. Nikaweka ya pili, ya tatu, ya nne. Haijafungwa, haijafungwa, haijafungwa.

Yule mzee wa Gitega aliniambia ukweli bure, na mimi nikausikia kama mtego. Kompyuta husoma diski iliyo wazi bila shida. Deki kama ya kaka haioni kitu mpaka ifungwe. Ndiyo maana baba alizungumza Mushasha, akazungumza studio Muyinga, akanyamaza sebuleni kwake mwenyewe.

"Ni mimi," nikasema. "Kosa ni langu. Mara zote nne."

Betri ilibaki dakika sita. Niliiambia kompyuta iifunge diski, nikabofya oui. Kisomeo kikaanza kuunguruma, sote watatu tumekiinamia. Dada alikuwa bado ameshika mwiko. Ikabaki dakika mbili, kisha trei ikajisukuma nje yenyewe, na muda si mrefu kioo kikawa cheusi.

Kabla sijaiweka kwenye deki nikamgeukia kaka. Nilimwambia sasa wazee wataona, na dada atakuwa salama.

"Wazee nilishawaambia," akasema. "Wiki ile ya kwanza, diski ilipokataa. Niliwaambia mudogo wangu wa Gitega amesikia baba anasema, donc ni kweli baba alisema. Wamekubali. Mupaka tulishapanda miyenzi."

Dada aliitikia kwa kichwa; alidhani nimeshaambiwa. Ua wa miyenzi, minyaa ya kuonyesha mpaka wa kishamba cha dada, ulikuwa bondeni, na mimi nilikuwa nimepita karibu nao nikihesabu diski za watu.

"Sasa diski ulikuwa unaitakia nini?" nikauliza. "Mara nne zote hizo?"

Kaka alikuwa anaikunja skafu, anaikunjua. "Siku ile mi nilikuwa sokoni. Sikumusikia. Simu yangu ni ya vibonye, sina hata picha yake anaongea." Akaiweka skafu mezani. "Ulipokuwa unatuma zile tupu, mi nilizani ni we hutaki nimusikie."

Nilisukuma diski ndani ya deki. Televisheni ilikaa nyeusi kidogo, halafu ua wa nyumba ileile ukatokea, na benchi, na baba akakohoa. Kaka aliketi sakafuni karibu na kioo. Baba alipomaliza kikohozi na kuanza habari za mbuzi, kaka aliinua mkono bila kugeuka.

"Rudisha," akasema. "Rudisha pale anakohoa."