Matairi Yaliyonipeleka Ukinga Wakati wa Masika

Sifa na shukrani ni za Mungu Baba, aliyeinyanyua milima ya Ukinga akaivika ukungu, na ambaye anapoinyeshea mvua hamsahau msafiri aliye njiani. Kila nilicho nacho nimekipokea kwake, na mengi ameyapitisha katika mikono ya watu, ambao wengi wao sasa wamelala. Kwa hiyo, mwanangu, ukiniona namshukuru Mungu kwa habari ya matairi, usicheke upesi. Keti kwanza.

Nakumbuka siku moja ya kiangazi, zamani za Mwingereza, nilipopanda hadi Ukinga, upande wa Ikonda, kumwona mzee aliyeitwa Tweve. Mimi nilikuwa kijana wa Kitandililo, dereva wa pikapu ya mfanyabiashara mmoja wa Makambako, ambaye sisi madereva tulimwita tajiri, kama ilivyo desturi. Pikapu ile ilikuwa masalio ya vita, ngumu, yenye kuvuta kwa magurudumu yote manne. Nilipeleka chumvi na nguo milimani, nikarudi na ngano. Katika safari hizo nilimwona Eliza, binti wa Mzee Tweve, akiimba kwenye kwaya ya kanisa lao. Tangu siku ile chumvi ya Ukinga ilipelekwa kwa bidii kuliko chumvi ya mahali pengine popote.

Mshenga wangu alikuwa baba mdogo Yeremia, aliyenilea baada ya baba yangu kufariki. Alikuwa mzee wa kanisa, na wakati wa vita aliwahi kuendesha malori ya jeshi huko Abisinia. Alikuwa mtu wa maneno machache, na hata hayo machache aliyatoa taratibu, kama mtu anayetoa viazi vya moto jivuni.

Mzee Tweve alitusikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Sina neno na kijana. Ana kazi, na anasali. Lakini binti yangu wa kwanza aliolewa huko huko kwenu. Waliniahidi kwamba atakuja kumwona mama yake mara kwa mara. Anakuja kiangazi tu. Mama yake aliugua masika, tukatuma habari, naye akafika nyasi zimekwisha kukauka. Mungu alimponya mke wangu, lakini aliita jina la mtoto yule hadi sauti ikamwisha."

Mkewe, aliyekuwa amekaa karibu na mlango, aliinama akatengeneza khanga yake ambayo haikuwa imeharibika.

"Kiangazi hata mbuzi hufika hapa," mzee akaendelea. "Mkwe nitamjua masika. Njoo na gari lako Jumamosi ya kuamkia Jumapili ya Mitende, jua likiwa bado lipo. Ukifika, tutazungumza. Usipofika sitakukasirikia, ila binti sitakupa."

Mwanangu, wewe unayeziona barabara za leo huwezi kuelewa uzito wa maneno yale. Njia ya kutoka Njombe kwenda Ukinga ilikuwa ya udongo mwekundu, na mvua ikiushika, unakuwa kama sabuni iliyolowa. Upande mmoja mlima, upande mwingine korongo ambalo ukungu hulifunika ili usione utakapoangukia. Masika magari yaliiacha njia ile kwa nyani.

Masika yalipokaribia, matairi ya pikapu yalikuwa vipara kabisa. Tajiri akaniambia, "Nenda dukani ukachague mwenyewe. Wewe ndiye unayeendesha, na masika nataka ngano yangu." Nikaenda pamoja na baba mdogo.

Dukani Makambako kulikuwa na matairi ya namna mbili. Ya kwanza yalikuwa ya barabara kuu, meusi ya kung'aa, yenye mistari myembamba kama nywele zilizochanwa vizuri. Hayo yalikwenda Iringa au Mbeya kwa kasi na kwa utulivu. Ya pili yalikuwa ya kashata. Tuliyaita hivyo kwa sababu mpira wake umekatwa mabonge mabonge yenye nafasi katikati, kama kashata kwenye sinia. Yale yalikuwa mabaya kwa sura, mwanangu. Juu ya njia kavu yalinguruma, yalikula petroli, na meno yake yaliisha upesi. Baba mdogo hakunificha hayo.

Pale njia panda madereva vijana walikuwa wakisubiri mizigo, nao walipenda kuchungulia mambo ya watu. Mmoja wao, Zakaria, rafiki yangu, aliniona nikiyatazama yale ya kashata.

"Wee! Unakwenda kuoa au kulima?" akapaza sauti. "Bibi harusi atasikia ngurumo, akimbie akatafute mahindi, akidhani ni mashine ya kusaga imefika!"

Wakacheka wote, nami nikacheka, lakini mkono wangu ukahamia kwenye tairi la kung'aa. Nilikwisha kujiona nikiingia uani kwa Mzee Tweve na magurudumu yale mazuri. Uzuri wa mkakasi, wahenga walisema, ndani kipande cha mti.

Baba mdogo akaniuliza, "Unamwoa nani?"

"Eliza, baba."

"Anakaa barabara ya Iringa?"

"Hapana. Anakaa Ukinga."

"Basi mbona unamchagulia tairi la Iringa?"

Nikaushusha mkono. Kisha, kwa kuwa ujana haujui katikati, nikakimbilia tairi kubwa kuliko yote ya kashata. Baba mdogo akatikisa kichwa. Alinifundisha kulisimamisha kando ya gurudumu la mbele, kukata usukani mpaka mwisho kulia na kushoto, na kupitisha ngumi kati ya tairi na bati la gari. "Ngumi isipopita," akasema, "tope likijaa hapa gurudumu litakabwa. Chukua linaloenea. Kubwa lisiloenea ni dogo." Tukachukua ya kipimo cha kati.

Tuliyafunga nyumbani Kitandililo. Baba mdogo aliomba kwanza, kofia mkononi, kana kwamba tunaweka msingi wa nyumba. Tukapaka poda mipira ya ndani isije ikabanwa, tukatazama meno ya tairi, yaliyopangwa kama mishale, ili ncha iguse ardhi kwanza na tope litoke pembeni. Ulipofika wakati wa nati, nikaishika ya kwanza kwa spana nikaikaza kwa nguvu zangu zote.

"Ifungue," akasema.

"Imekaza vizuri, baba."

"Ndiyo maana nasema ifungue. Ukiishibisha moja wakati nyingine hazijaonja, gurudumu linalala upande. Kaza kidogo, vuka ng'ambo. Kaza kidogo, vuka tena. Zote ziusikie mkono wako kabla hata moja haijamaliza."

Nikafanya hivyo, nikizunguka kwa kuvuka, mpaka gurudumu likakaa sawa. Akaongeza jambo moja, nami nilimsikia kwa sikio moja tu: "Gurudumu jipya halijalala mahali pake. Tukishapita kipande kibaya cha kwanza, tutasimama tukaze tena."

Tulilala Njombe kwa ndugu, na Jumamosi ile tukaondoka mvua ikinyesha. Tulikwenda vizuri. Meno yaliushika udongo, nami moyo wangu ulikuwa umekwisha kufika Ikonda, ukinisubiri. Kipande kibaya cha kwanza tukakipita. Mbele yetu njia ilianza kupinda kandokando ya korongo.

"Simama," akasema baba mdogo.

"Baba, jua linatukimbia."

"Jua halina nati. Simama."

"Tukifika ng'ambo ile nitasimama. Nimeahidiwa mke kabla ya magharibi!"

Hakupaza sauti. Aliweka kiganja chake juu ya mkono wangu uliokuwa kwenye usukani, akakiacha pale. Nikasimama. Nilishuka kwa hasira, koti limelowa, nikachukua spana nikaanza na gurudumu la nyuma la kushoto, upande wa korongo. Nati ya kwanza ilizunguka bila kunipinga. Ya pili pia. Ya tatu niliizungusha kwa vidole.

Nikatazama chini. Ukungu ulikuwa umefunguka kidogo, na nikauona mto, mwembamba kama uzi.

Baba mdogo alikuwa amesimama nyuma yangu. "Ulidhani naichelewesha harusi yako," akasema. "Nilikuwa naichunga." Hilo ndilo lilikuwa karipio lote. Baba wengine wangenitukana hadi Ikonda. Yeye alipiga magoti topeni katika suruali yake ya ushenga, akashika nati za gurudumu la pili. Tukakaza yote manne, kidogo kidogo, tukivuka.

Kabla ya mlima wa mwisho tulipunguza upepo katika matairi ili yatandike tumbo na kuushika udongo. Wanawake waliokuwa wakitoka mashambani walisimama kututazama.

"Kamwene!" wakatusalimu.

"Kamwene," tukaitikia.

"Gari lenu lina meno," mmoja akasema. "Linauma?"

"Linauma milima tu, mama," akajibu baba mdogo, na ndiyo mara pekee siku ile nilipomwona akicheka. Wale mama walivunja matawi wakayatandika mahali pabaya, wakasukuma huku wakiimba. Mpaka leo sijui majina yao. Mungu anayajua, nami huwataja hivyo hivyo katika sala zangu.

Tulipoingia uani kwa Mzee Tweve, mwanga wa jua ulikuwa ungali juu ya mianzi. Pikapu haikuonekana rangi, na sisi vilevile. Mama yake Eliza alitoka mbio akapiga kigelegele kimoja, kisha akajifunika mdomo, kwa kuwa mumewe alikuwa hajasema neno.

Mzee Tweve hakututazama sisi. Aliinama kwenye gurudumu, akaingiza vidole kati ya meno ya tairi, akachokoa donge la udongo. Akalifinyanga, akalinusa, akalitazama mwangani.

"Huu ni udongo wa mlima wetu," akasema. "Umekubali kupanda na ninyi." Kisha akamgeukia mkewe. "Mama, pika. Huyu atamleta."

Hakusema atamchukua, mwanangu. Alisema atamleta. Neno lile nimelibeba maisha yangu yote.

Nasi tulilitimiza kwa neema ya Mungu. Kila masika nilimpeleka Eliza kwao, na yale meno yalipoisha nilinunua mengine ya namna ile ile, na Zakaria hakuchoka kuuliza habari za mashine ya kusaga. Ikafika masika moja mama mkwe akaugua tena, na safari hii hakupona. Lakini alipoita jina la binti yake, binti yake aliitikia, na mkono aliokuwa ameushika alipolala ulikuwa mkono wa Eliza. Baba mkwe alinitazama kutoka upande wa pili wa kitanda. Kama ningefanya kazi miaka yangu yote nisipate ujira mwingine ila mtazamo ule, ningesema nimelipwa.

Baba mdogo Yeremia amekwisha kupumzika. Eliza yupo, anachochea moto hapa nyuma yangu, na anasema kwamba angeolewa nami hata kama ningekuja kwa miguu, ila ningefika Pasaka imekwisha.

Sasa, mwanangu, shika ninayokuambia. Unapochagua mwenzi, kazi au rafiki, usichague kwa ajili ya njia panda ambapo watu wanakutazama. Chagua kwa ajili ya mlima utakaoupanda mvua ikinyesha, na hakuna anayekutazama ila Mungu. Kisichong'aa usikidharau kabla hujakijua, na kikubwa usikitamani kama hakikuenei. Katika nyumba yako usimkaze mtu mmoja kwa upendo wote wengine wakabaki wamelegea. Mke, wazazi, wakwe na watoto wote wausikie mkono wako, kidogo kidogo, ukivuka toka huyu hadi yule, maana nyumba nayo hulala upande. Na ukishaoa, usidhani kwa kuwa kanisani palikazwa basi pamekazwa daima. Kipande kibaya cha kwanza kitakapopita, simama. Kaeni chini wawili, mguse nati moja moja, mwombe pamoja. Utaona unachelewa. Mwenda pole hajikwai, nawe unaichunga harusi yako. Na akitokea mtu akakuwekea kiganja juu ya mkono akisema simama, simama kwanza, uulize baadaye.

Mungu aliyetupitisha kando ya korongo akupitishe na wewe unayesoma haya. Akupe wazee wenye subira ya kupiga magoti topeni kwa ajili yako, na moyo wa kuwashukuru wakiwa bado wanasikia. Njia yako ikiwa ya utelezi, akutandikie matawi kwa mikono ya watu usiowajua. Nao wale wanaoliita jina lako, ufike kwao mwanga ungali upo. Amina.