Bibi Mzaa Baba wa Mitamba Wetu

Mama yangu anaamini watu wako wa aina mbili, wenye mkono na wasio na mkono. Mwenye mkono akipanda mahindi yanaota yote, akikamua ng'ombe anatulia na maziwa yanashuka. Asiye na mkono heri akafagie uwanja. Kwa miaka miwili mimi nilikuwa wa fagio, na nasimulia jinsi nilivyorudishiwa ndoo.

Kwetu ni Mamboya, milimani, ambako wazazi wangu wanalima mahindi na maharage na kufuga ng'ombe wachache wa maziwa. Fahari ya mama ilianza na chotara mmoja mwekundu. Yule ng'ombe sijui nimsifuje. Kiwele chake kilikaa juu, kimebana tumboni, chuchu nne zote saizi moja, na sikumbuki akiumwa hata siku moja. Asubuhi alijaza ndoo na jioni akaijaza tena. Mama alimkamua huku akimwimbia tenzi za kanisani, na nina hakika beti nyingine alizitunga mwenyewe, maana kanisani sijawahi kuzisikia.

Sisi Wakaguru mtoto ni wa ukoo wa mama yake. Baba anaheshimiwa na mnofu mzuri anapewa, lakini ukiulizwa wewe ni wa nani unajibu upande wa mama. Mama aliihamishia sheria hiyo bandani bila hata kufikiri. Ng'ombe mwekundu alipozaa jike wa kwanza, mama alitangaza kwamba huyo ni mama yake mtupu. Wa pili hivyo hivyo, na wa tatu hivyo hivyo. Baba yao wote watatu alikuwa dume moja la jirani yetu, mwalimu mstaafu wa kilima cha pili, na hakuna aliyepoteza muda kulizungumzia. Lilikuja, likapanda, likarudi kwao.

Jike wa kwanza alizaa nikiwa nyumbani. Mimi nina kibanda cha chai ya maziwa Mikumi, kando ya barabara kuu, na mara moja moja nakifunga nikapumzike kwa wazazi. Maziwa ya yule jike yalizidi hata ya mama yake, tukashangilia. Nilimkamua siku sita. Siku ya saba kiwele kilivimba upande mmoja, kikawa cha moto, na maziwa yakatoka maji ya njano yenye mabonge. Chuchu ya upande ule ilikufa. Mwaka uliofuata wa pili naye akazaa, nikaenda, nikakamua, yakatokea yale yale, safari hii kwa chuchu mbili.

Mama hakunigombeza. Angenigombeza ningekuwa na la kujibu. Aliichukua ndoo mkononi mwangu taratibu akasema, "Mwanangu, wewe pumzika. Mikono ya mjini hiyo."

Jamani! Nilikuwa nanawa kwa maji ya moto na sabuni kila mara. Kucha nilikata. Mafuta ya kujipaka niliyaacha Mikumi. Nilimwambia hayo yote kwa sauti ambayo mtoto hamwinulii mama yake, na mwisho wa yote mimi ndiye niliyeomba radhi. Tangu siku hiyo nikifika nyumbani naandaliwa chai sebuleni. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi hata siku ya kumi ndoo sikupewa. Nilikaa kitini nikisikia maziwa yakigonga bati kule nje, nikaona wivu, wivu wa kweli, mtu mzima na biashara yangu. Mezani mimi na mama tuliongea habari za watu. Habari zetu wenyewe tulikuwa tunaziongelea bandani, na sasa hatukuwa na pa kuongelea.

Maziwa ya kibandani kwangu huletwa na mama mmoja wa kifugaji kutoka nyanda za chini, mtu wa umri wa mama yangu, mrefu, mwenye maneno machache. Siku moja nilimmwagia kisa chote. Alisikiliza hadi mwisho, akauliza, "Baba yao ni nani?"

"Dume tu la jirani, mama."

"Dume tu?" Aliweka dumu chini. "Na mama wa hilo dume, kiwele chake ulikiona?"

Nikamwambia dume halikamuliwi. Alicheka mpaka akashika nguzo ya kibanda. "Sisi kwetu hatuliachi dume zizini mpaka tumtazame mama yake. Kama anaburuza kiwele, dume tunalihasi. Ninyi watu wa milimani mnaozesha binti bila kuulizia ukweni?"

Nilinuna kidogo, kwa sababu kuchekwa kibandani kwako mbele ya wateja hakupendezi. Lakini neno lake lilinikaa moyoni.

Kisha jike wa tatu akazaa. Huyu, mama alimkamua peke yake. Hata wifi yangu, ambaye anaishi hapo hapo, hakuruhusiwa kumgusa. Wiki ya pili simu yangu ikaita asubuhi, nikiwa nachemsha chai. Mama hakuuliza habari za biashara wala za afya. "Amevimba," alisema. Halafu akasema, "Ni mikono yangu, mwanangu. Labda tangu mwanzo ni mikono yangu."

Miaka miwili mizima nilikuwa nasubiri kusikia kwamba kosa si langu, na nilidhani siku nikisikia nitapiga vigelegele. Badala yake niliumia mpaka nikazima jiko. Mama yangu hana shule wala cheo. Ana mkono, na kijiji kizima kinajua. Nilifunga kibanda, nikapanda gari la Kilosa, nikaunganisha la Dumila, nikamalizia na bodaboda kupanda mlima, na njia nzima nilikuwa nawaza namna ya kumrudishia mama mikono yake.

Nilimkuta ameketi juu ya ndoo iliyofudikizwa, mikono ameificha ndani ya kanga. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba kwa sauti ndogo. Bwana mifugo alikuwa ameshafika na kumsukumia ng'ombe dawa ndani ya chuchu. Bwana mifugo wetu ni mwanamke, mdogo kuliko mimi, lakini jina la kazi tumeshalizoea. Nikamuuliza lile swali la kibandani. Je, mama wa dume anaweza kuwa na mkono katika hili?

"Sana," alisema. "Nani anamjua?"

Baba alikuwa pembeni akikatakata majani kwa panga. Akakohoa. "Mimi namjua."

Kumbe miaka ile mwalimu alimtuma yeye kulichukua dume Magole na kulipandisha huku kwa miguu. Alilala kwa wenye dume, na asubuhi akamwona mama wa dume akikamuliwa. Maziwa mengi ajabu, baba alisema, lakini kiwele kinaning'inia chini ya magoti ya nyuma, chuchu zinavuja zenyewe kwenye tope, na moja imeshakufa.

Bwana mifugo alichuchumaa mbele ya mama. "Mama, ugonjwa unaletwa na vijidudu, na usafi hatuuachi. Ila umbo la kiwele linarithiwa, na nusu ya urithi inatoka kwa baba. Dume halina maziwa, lakini linabeba maziwa ya mama yake na kiwele cha mama yake. Hawa watatu wamerithi wingi wa maziwa, na wamerithi kiwele kinachogusa chini na chuchu zisizofunga sawasawa. Mlango uko wazi, uchafu uko sakafuni. Angewakamua yeyote, wangekuwa hatarini."

Mama alimgeukia baba. "Na wewe miaka yote hii umenyamaza?"

"Ukoo ni wa mama," baba alijibu, wala hakuwa na hasira. "Nani angeniuliza habari za akina baba?"

Naomba nisifiwe kwa kutocheka. Aliyecheka ni mama. Alianza kwa puani, kisha mabega, mpaka akachomoa mikono kwenye kanga kufuta machozi, na baba naye akaweka panga chini akacheka. Niliwapenda sana wote wawili.

Dume la mwalimu halikuitwa tena. Tulikubaliana ng'ombe wapandishwe kwa mbegu za mrija anazoleta bwana mifugo, za madume ambayo binti zao wanajulikana kwa viwele vizuri, na baba akapewa kazi ya kuulizia mambo ya kuumeni. Ameikamata kazi hiyo hadi anachosha. Hampiti ndama njiani bila kumuuliza mwenye ndama bibi mzaa baba alikuwaje.

Jike wa tatu alipona, isipokuwa chuchu moja ya mbele. Siku niliyokuwa nifunge safari kurudi Mikumi, mama alikuja mlangoni kwangu asubuhi na ndoo. Akasema, "Njoo unimalizie huyu. Mikono yangu imechoka."

Mikono yake haikuwa imechoka. Nilinawa mara mbili, nikaketi kwenye kigoda, nikaegemeza paji la uso ubavuni mwa yule ng'ombe, na maziwa yalipoanza kushuka nikalia kama mtoto. Mama alisimama nyuma yangu ameshika mkia. Aliniacha nilie.

Kisha akasema, "Ukimaliza hizo mbili, bado chuchu moja ya nyuma."