Kitenge Kilichoita Madume ya Rugu

Chekeni tu jamani, maana siku ile pale Rugu ningepata shimo ningejifukia mwenyewe.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini, redio imetangaza yule kondoo aliyetengenezwa bila baba, na mimi, daktari wa mifugo wa Bugene, nikaapa nitafanya hivyo kwa mbwa (wenzangu wakaniona nimerukwa na akili). Maabara ya chuo ikanikubalia nafasi, ila kwanza nipeleke mayai yaliyokomaa, na mbwa jike hupata joto mara mbili tu kwa mwaka, ukichelewa ndiyo basi. Mzee Rwegasira, mwindaji wa Rugu, alikuwa na jike kwenye joto, kamfungia bandani, nami nikaenda kumwomba nimpasue mbwa huyo nitoe mayai.

Asubuhi hiyo nilikuwa nimempima jike wa jirani, naye yuko kwenye joto, nikajifuta mikono kwenye kitenge nilichovaa. Nibadilishe? Aa, nimechelewa, nani atajua!

Mbwa walijua. Nimeketi uani, nimepewa kahawa ya kutafuna kama mgeni wa heshima, wawindaji wamejaa, namwaga sayansi kwa madaha, mara kengele za mbao wanazofungwa mbwa wa kuwinda zikalia ko-ko-ko, madume yaliyokuwa yanazunguka banda yameliacha yananijia mimi! Moja likakumbatia mguu wangu mbele ya watu, jingine likavuta kitenge kikafunguka, nikaparamia kinu kilichopinduliwa, nimebaki na gagulo (lenye kiraka!).

"Mwanangu," mzee akasema, machozi ya kicheko yanamtoka, "ulisema unatafuta jike. Kumbe ni wewe?"

Aibu ilinichoma, nikatamani kulia, lakini kuondoka, thubutu! Nikasema palepale juu ya kinu: "Mzee, umeona harufu ya jike mwenye joto ilivyo na nguvu? Siku chache tu inaisha, na nikimkosa mbwa wako nimekosa kazi ya maisha yangu. Sishuki mpaka unijibu."

Mzee akayafukuza madume kwa fimbo.

"Atapona?" akauliza.

"Atapona. Nitalala hapa nimuuguze."

Akamwita mkewe aniletee kanga. "Njoo kesho asubuhi," akasema. "Ila uoge kwanza."

Jike alipona, mayai nikapeleka, nafasi nikapata. Mbwa wangu wa kunakiliwa kama yule kondoo hajazaliwa mpaka leo, na sijaacha. Ila nikimshika jike, nabadilisha nguo kabla ya kutoka, na nikichelewa, wacha nichelewe.